Mpiga picha za mnato kwenye seti ya televisheni: usimame wapi, ubonyeze lini

Msomaji ameniuliza: “Nimezoea kupiga picha za harusi. Prodyuza wa tamthilia ya televisheni ameniita nipige picha za mnato kwenye seti kwa siku chache, akasema nije tu na kamera yangu. Sijawahi kukanyaga seti. Nijiandae vipi, nisimame wapi nisiwaharibie watu kazi, na kwa nini wananihitaji wakati kamera zao zinarekodi kila kitu?”

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana majibu ya hayo mengine yanatoka humo.

Kamera ya televisheni inayorekodi fremu 25 kwa sekunde kwa kawaida huipa kila fremu mwanga wa 1/50 ya sekunde. Kasi hiyo huacha ukungu kidogo kwenye kila kinachosogea, na ukungu huo ndio unaofanya mwendo uonekane laini machoni. Sasa simamisha fremu moja uitazame peke yake: mkono uliokuwa ukipunga umekuwa doa, na jicho limenaswa likipepesa. Halafu kuna ukubwa. Fremu ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, yaani milioni 8.3 hivi. Ikate iwe wima kwa ajili ya jalada la gazeti, unabaki na milioni 3 na ushee.

Hata hivyo, kamera zao zingekuwa kali mara kumi, bado wangekuita. Chukua tukio la dada wawili wanaogombana mezani. Mwongozaji atalirekodi kwa vipande: uso wa mkubwa ukionekana juu ya bega la mdogo, kisha kinyume chake, kisha mkono unaosukuma kikombe. Mtazamaji huviunganisha vipande hivyo kichwani akaona ugomvi mzima. Mhariri wa gazeti ana nafasi ya picha moja tu, na anataka nyuso zote mbili, meza iliyo kati yao na kikombe, vyote kwa pamoja. Picha hiyo haimo kwenye fremu yoyote iliyorekodiwa. Haipo mpaka wewe uipige. Ndiyo itakayokaa kwenye bango, kwenye ukurasa wa kituo na kwenye simu ya mtu anayejiuliza kama aitazame tamthilia au alale.

Kwa hiyo omba mswada mapema, pamoja na ratiba ya siku zako. Usome ukitafuta mahali ambapo uhusiano wa watu unageuka: anayesamehe, anayegundua, anayeondoka. Tia alama pia kwenye vitu vitakavyoonekana mara moja tu, kama jeraha, vazi la harusi au gari linaloungua. Tukio la watu wawili wakiongea sebuleni litarudi tena. Gari haliungui mara mbili. Tamthilia nyingi hazimwajiri mpiga picha za mnato kwa kila siku ya kurekodi, na kama zako ni chache, ni haki yako kumwuliza prodyuza kwa nini amechagua hizo. Wakati mwingine utamsaidia abadilishe moja.

Sasa tuje kwenye sauti, kwa sababu hapo ndipo wapiga picha wa harusi wanapofukuzwa. Kamera yenye kioo cha ndani hupiga kofi kila unapobonyeza, na maikrofoni iliyo juu ya kichwa cha mwigizaji hulisikia vizuri kuliko inavyosikia minong'ono yake. Zamani dawa yake ilikuwa kasha gumu la kuziba sauti, ambalo kamera ilifungiwa ndani, vidole vikifika kwenye vitufe kwa taabu. Bob Willoughby, Mmarekani aliyefanya kazi kwenye seti za Hollywood kuanzia miaka ya 1950, anatajwa kuwa ndiye aliyebuni kasha la namna hiyo kwa kamera za milimita 35, na pia alikuwa wa kwanza kutumia kamera za mnato zinazoendeshwa kwa mbali kwenye seti ya filamu. Makasha hayo bado yapo, ila kazi kubwa siku hizi inafanywa na kamera zisizo na kioo, zenye shata (kifungua-mwanga cha kamera) ya kielektroniki isiyo na mlio wowote.

Kama kamera yako ni ya kioo, usiende nayo kama ilivyo. Kodi isiyo na kioo kwa siku hizo. Na ukishaipata, zima mlio wa kuthibitisha fokasi, zima ile taa ndogo ya mbele inayosaidia fokasi gizani, zima picha isijitokeze yenyewe kwenye skrini ya nyuma kila unapopiga, na punguza mwanga wa skrini. Flashi ya juu ya kamera iache nyumbani. Kisha jisikilize wewe mwenyewe: koti la nailoni linaloparuza, funguo mfukoni, begi lenye velkro (utepe wa kunatana) linalolia kama kitambaa kinachochanwa. Viatu viwe vya soli laini, nguo ziwe nyeusi au za rangi iliyokolea, kwa sababu shati jeupe hurudisha mwanga kwenye shavu la mwigizaji na huonekana kwenye kila kioo cha dirisha.

Baada ya hapo nenda kwa fundi sauti kabla ya mazoezi ya kwanza. Jitambulishe, mwombe avae vipokea sauti vyake, simama hatua moja kutoka kwenye maikrofoni, upige picha kadhaa mfululizo. Akiwa bado anakutazama akingoja uanze, na wewe umeshamaliza, mmeelewana kwa siku nzima. Akikunja uso, sikiliza anachokuambia. Huenda ni lenzi yenyewe, maana baadhi ya lenzi huunguruma kidogo zinapotuliza mtikisiko, na nyingine hutoa mlio apecha (tundu la kupitishia mwanga) inapojifunga. Hilo ni bora ulijue saa hiyo kuliko mwigizaji akiwa katikati ya kilio.

Ukimya huo una gharama yake. Shata ya kielektroniki kwenye kamera nyingi haisomi picha nzima kwa wakati mmoja. Sensa husomwa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Taa nyingi nazo haziwaki mfululizo hata kama jicho linaona hivyo. Umeme wa hezi 50 huzifanya zipande na kushuka mara 100 kwa sekunde, na wa hezi 60 mara 120. Ukipiga kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde chini ya taa kama hizo, baadhi ya mistari inasomwa taa ikiwa juu na mingine ikiwa chini, na unapata mistari myeusi iliyolala kwenye uso wa mtu kama kivuli cha pazia la vibao. Kuisafisha baadaye kwa programu si rahisi. Penye hezi 50 kaa kwenye 1/50 au 1/100. Penye hezi 60 kaa kwenye 1/60 au 1/125. Taa za kisasa za LED na skrini kubwa za nyuma ya wahusika zina mapigo yao wenyewe, kwa hiyo hapo usikariri namba: piga picha ya ukuta mtupu ulioangazwa na taa hizo, ikuze picha mpaka mwisho, uangalie. Fanya hivyo kila taa zinapobadilishwa. Kamera zenye sensa inayosomwa kwa haraka sana, kama Sony a9 ya mwaka 2017 au Nikon Z9 ya 2021 ambayo haina shata ya mitambo kabisa, hupunguza tatizo hili bila kulimaliza. Mwaka 2023 Sony walitangaza a9 III, inayosoma sensa nzima kwa mpigo, lakini kwa kazi ya siku chache usijitie kwenye deni kwa ajili yake.

Utaona namba hizo za shata ni za polepole kwa mtu anayesogea. Ni kweli, na hapo uzoefu wako wa harusi unakusaidia: unajua mtu akiinua mkono kuna sehemu ndogo juu kabisa ambapo mkono husimama kabla ya kushuka, na mtu anayelia hutulia kati ya pumzi mbili. Piga hapo.

Mwanga usiuguse. Mkuu wa kamera na fundi taa wameupanga kwa makusudi, na giza lililo upande mmoja wa uso ni sehemu ya hadithi. Waulize wameweka kamera zao kwenye kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) ngapi, nawe uweke hiyohiyo. Mara nyingi utajibiwa 3,200 au 5,600, na mara nyingine namba ya katikati waliyoichagua ili dirisha libaki na ubuluu. Ukiiachia kamera yako ichague yenyewe, itausafisha ubuluu huo kwa juhudi kubwa, na picha zako hazitafanana na tamthilia. Lenzi zao huenda zimefunguliwa sana kwa sababu mwanga ni mdogo, kwa hiyo tarajia ISO (wepesi wa kamera kuuona mwanga) ya 1,600 hadi 6,400 bila kushtuka. Chembechembe kidogo hazijawahi kuua picha nzuri. Piga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Na ukipata nafasi ya kuchungulia monita ya mwongozaji, chungulia, uone sehemu za giza kwenye picha yao ni nyeusi kiasi gani.

Lenzi mbili za f/2.8 zinatosha, ya milimita 24-70 na ya 70-200, pamoja na moja ya f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi zaidi) kwa matukio ya usiku. Usibebe zaidi, utakosa pa kuziweka.

Pa kusimama. Picha inayofanana na tamthilia hupigwa karibu na lenzi ya kamera kuu, kwa urefu uleule, kwa hiyo nafasi unayoitaka ni bega kwa bega na mpiga kamera: juu kidogo ya lenzi yake, au chini yake ukiwa umepiga goti. Nafasi hiyo si yako. Ni yake, na ya msaidizi wake wa fokasi, na ya reli kama kamera inatembea. Mwombe kabla, kwa kumwonyesha kwa kidole unapotaka kuwa, akuambie kamera itaelekea wapi na itaishia wapi. Tazama mazoezi yote ya mwendo bila kuinua kamera. Mshika maikrofoni atapita wapi? Kivuli chako kitaanguka wapi? Ukikosa nafasi kando ya lenzi, tafuta upenyo kati ya stendi za taa, lenzi ndefu ifanye kazi.

Kuna mstari mmoja ambao hutaki kuukaa hata ukiwa wazi: mstari wa macho ya mwigizaji. Mtu anayeigiza kuachwa na mumewe anatazama sehemu fulani, pengine alama tu ya utepe kwenye stendi, na ukikaa nyuma ya alama hiyo anakuona wewe ukipepesa na kurekebisha lenzi. Waigizaji wengine hawajali. Wengine watasimamisha kazi. Usikisie. Muulize mwongozaji msaidizi wa kwanza, yeye ndiye anayeiendesha seti, na umwombe akutambulishe kwa waigizaji wakuu asubuhi wakiwa kwenye mekapu, ukiwa huna kamera mkononi. Mtu aliyekusalimia asubuhi atakuvumilia mchana.

Na hapa ndipo tabia ya harusi inapoweza kukuponza zaidi. Harusini wewe ni kiongozi: “Bibi harusi tazama huku, wazazi sogeeni.” Kwenye seti huna sauti hiyo. Kamera zikirekodi huongei, husogei, hulifuati tendo. Anayeruhusiwa kumwambia mwigizaji la kufanya ni mwongozaji peke yake.

Lakini ile picha ya dada wawili na kikombe utaipataje, kama haitokei tukio likiwa linarekodiwa? Kwa njia mbili. Ya kwanza ni mazoezi ya mwisho, pale ambapo maleba na mekapu viko tayari, taa zimewaka, na kamera kuu bado haijasogezwa usoni. Hapo unaweza kukaa mahali ambapo baadaye itakaa kamera. Ya pili ni kuomba. Mwongozaji akishasema ameridhika na tukio, kabla mtu hajagusa taa, kuna upenyo mdogo sana ambapo mwongozaji msaidizi anaweza kutangaza waigizaji wabaki kwa ajili ya picha. Mweleze mapema, asubuhi, kwamba utaomba mara moja au mbili tu siku hiyo na kwa tukio lipi. Akikupa, uwe umeshapanga kila kitu: lenzi ipo, namba zipo, unajua dada mkubwa akae wapi. Mwombe mwongozaji awaambie warudie mistari minne ya mwisho ya ugomvi, maana wakikaa tu na kukunja nyuso utapata picha ya watu waliokunja nyuso. Piga, shukuru, ondoka. Mpiga picha aliyeomba dakika moja akatumia moja atapewa tena kesho; anayetumia tano ameziiba kwa watu wa taa.

Kama kipindi chenyewe kinarekodiwa studio kwa kamera kadhaa kwa pamoja, mbele ya hadhira, mambo hubadilika. Hakuna kurudia kwingi, kamera zinazunguka sakafuni, na pengo ulilosimama sasa hivi litakuwa kwenye picha pana baada ya sekunde chache. Hapo msikilize meneja wa sakafu, piga kwa lenzi ndefu kutoka kwenye viti vya hadhira, na mazoezi ya mavazi uyahesabu kuwa ndiyo kazi yako kuu.

Matukio ya faragha ya mwili hurekodiwa seti ikiwa imefungwa, na wewe huingii mpaka uitwe kwa jina na mwigizaji mwenyewe awe amekubali. Penye silaha za kuigizia, moto au magari, simama pale tu alipokuonyesha anayesimamia usalama. Na ukitaka kamera ya kufungwa mahali na kubonyezwa kwa mbali, iwe na waya wa pili wa kuishikilia isimwangukie mtu.

Usidhani matukio ndiyo yote. Watataka picha za nyuma ya pazia: mwongozaji akimnong'oneza mwigizaji, fundi akining'inia na taa. Watataka picha za wahusika mmoja mmoja wakiwa na maleba, zilizopigwa pembeni kwenye pazia tupu kwa taa zako mwenyewe. Na mara nyingi watataka picha zitakazoingia ndani ya tamthilia, kama ile ya familia kwenye fremu ya sebuleni, ya kitambulisho, au ya mshukiwa ukutani kwa polisi. Hizo za mwisho hupigwa kabla ya siku ya tukio, na kila mtu huzisahau. Muulize mtu wa vifaa ukifika tu.

Jioni chagua mwenyewe kwanza. Toa zilizo na macho yaliyofumba, na zile zenye maikrofoni au jeraha la bandia lililobanduka. Nakili kila kitu sehemu mbili kabla ya kufuta kadi. Andika ndani ya kila faili namba ya kipindi, namba ya tukio, jina la mhusika na la mwigizaji. Anayepokea picha ofisini hakuwepo kwenye seti, na picha isiyo na maelezo hayo itapotea. Usiwaonyeshe waigizaji picha kwenye skrini ya kamera, hata wakikubembeleza. Waigizaji wengi wakuu wana haki kimkataba ya kuzikataa baadhi ya picha zao. Kiwango kinachoandikwa mara nyingi ni kwamba lazima wakubali angalau nusu ya zile walizomo peke yao, na robo tatu ya zile walizomo na wenzao. Kazi hiyo ina utaratibu wake na mtu wake, na haifanyiki kwenye korido.

Sasa mambo ya kumwuliza prodyuza kabla hujasema ndiyo, kwa sababu “njoo na kamera yako tu” si makubaliano. Malipo ni kwa siku, na siku ni ya saa ngapi? Siku za saa 12 ni za kawaida kwenye kazi hii. Zikizidi, inakuwaje? Kodi ya vifaa inalipwa kando au imo humo humo? Hakimiliki kwa kawaida itakuwa ya kampuni inayotayarisha, na hilo usiligombanie sana. Gombania ruhusa ya maandishi ya kuonyesha picha kadhaa kama kazi zako baada ya kipindi kurushwa, na jina lako kutajwa. Kabla ya kurushwa usiweke hata picha ya kiatu chako kwenye mtandao. Nyuma ya kiatu kuna seti, na kwenye seti kuna siri ya nani bado yuko hai. Muulize pia nani hasa atazipokea picha, na anataka zipi: mtu huyo wa matangazo ndiye mteja wako halisi, na simu moja kwake kabla ya siku ya kwanza itakuambia kama anahitaji bango la wima lenye nafasi ya maandishi juu au picha pana ya waigizaji wote.

Prodyuza akikujibu “tutaongea ukifika”, mwandikie maswali hayo kwa ujumbe mfupi usiku huohuo, umwombe ayajibu kwa maandishi. Ukishafika alfajiri, taa zinafungwa na watu wanakimbizana na jua, hakuna atakayesimama kuzungumza nawe habari za malipo.